Haji Anasema Wamefika

Pale Bwera, upande wa Uganda, barabara ya mpaka wa Kongo inapokata kona kuelekea mashine ya kukoboa kahawa, kuna benchi la ubao wa lori ambalo wenyewe wanaliita Forodha Ndogo, kwa sababu hakuna kinachopita pale bila kukaguliwa: gari, leso mpya, ndoa ya mtu, hata jeneza. Mwenye birika ni Kulusum, na kahawa yake ina tangawizi ya kukutoa machozi. Mwenye benchi, kwa ukongwe wa makalio tu, ni Sulaiti, dalali wa malori, anaitwa Kontena kwa sababu akishakaa humsogezi bila kreni. Kulia kwake hukaa Ocaya, mwanajeshi mstaafu, ambaye ukimwita kwa jina lake hageuki, mwite Afande. Kushoto hukaa Kaswera, mama wa vitenge kutoka Kasindi, ng'ambo ya Kongo, anayevuka mpaka asubuhi na mzigo na kurudi jioni na umbeya. Na mgongoni mwao, kwenye kibanda cha kutengeneza simu, yuko Eriya, mtoto wa mfanyakazi wa kiwanda cha saruji, ambaye wanamwita Data kwa sababu ndiye peke yake asiyeishiwa bando. Ukikaa nao saa moja unaondoka hujui lolote, lakini umechangamka.

Jumapili hiyo Kontena alikuwa amevaa kanzu mpya na koti, na ametandika gazeti chini ili asijipake grisi. Alikuwa na wageni, na si wageni wa chai. Haji Ashiraf wa Kasenyi, kule ziwani ndani ya mbuga, mwenye mitumbwi na magari ya samaki, alikuwa analeta ukoo wake kumposea kijana wake Latif, na anayeposwa ni Munirah, binti wa pekee wa Sulaiti, aliyekwisha kuwakataa watu wawili wenye maduka kwa ajili ya huyo huyo Latif. Sasa desturi yao ni hii: wageni wa posa hawajitafutii nyumba. Wanasimama mahali palipokubaliwa, wanangoja upande wa binti uje uwachukue kwa heshima, kwa miguu mpaka mlangoni. Wakijipeleka wenyewe, wameonyesha njaa. Na baba wa binti naye haendi kuchungulia kama wamefika, maana ataonekana ana haraka ya kumtoa mtoto. Mahali palipokubaliwa ni kivulini nyuma ya mashine ya kahawa. Saa iliyokubaliwa ni saa nne. Sasa ilikuwa imepita saa saba, Kontena yuko benchini, na kati ya benchi na mashine kulikuwa na trela limeegeshwa likingoja karatasi, limeziba kila kitu.

Simu ikalia. Alikuwa mkewe, Asmah.

— Baba Munirah, pilau iko tayari tangu saa tano. Wageni wako wapi?

— Wako karibu, mama. Karibu kabisa.

— Karibu na nini?

Sulaiti akaitazama simu kama imemtukana, akaikata.

— Haji alikwambiaje? akauliza Kulusum huku anamwaga kahawa.

— Asubuhi alinipigia. Akasema, "Mzee Sulaiti, tumefika."

Benchi zima likaangua kicheko.

— Amefika! akasema Afande. Huyo alikuwa anatafuta soksi!

— Mimi nisijue? Sulaiti akasema, naye akacheka, ingawa kicheko chake kilikuwa kinakatikakatika. Nimefanya kazi na madereva maisha yangu yote. Dereva akisema "niko njiani", yuko kitandani. Akisema "nakaribia", anaoga. Akisema "nimefika", ndiyo anawasha gari. Akisema "mizigo nimeshashusha", hapo sasa unaweza kuanza kumtegemea jioni.

— Na wewe ukamjibu nini?

— Nikamjibu kistaarabu. Nikamwambia, "Karibuni sana Haji, na sisi tuko njiani tunakuja kuwachukua."

Kulusum akasimama na birika hewani.

— Njia gani? Ulikuwa umekaa hapo hapo, nakuwekea sukari.

— Si ndivyo watu wanavyoongea, Kulusum! Ningemwambia niko kwenye benchi?

Wakakubaliana wote kwamba hapana, asingeweza, huo ungekuwa utovu wa adabu. Lakini Kulusum hakucheka tena. Yeye ana dada yake Kisinga, na habari za Kisinga anazo.

— Mzee, angalia sana. Huyo Haji si mtu wa mchezo. Mtoto wake mkubwa walimpeleka kuposa kule Kisinga, wenyeji wakachelewa kuwachukua, Haji akageuza gari. Wakapiga magoti, wakapeleka mbuzi mpaka Kasenyi, akakataa. Alisema yeye harudi mara mbili mahali alipodharauliwa. Na yule msichana mpaka leo yuko kwao.

Sulaiti akamwona Munirah akilini jinsi alivyomwacha asubuhi, chumbani, mikono na miguu imejaa hina, amezuiwa kutoka hata kwenda kuchungulia dirishani, na anamuuliza, "Baba, watakuja?" Akamwambia, "Watakuja, mama." Alisema kwa sauti ile ile anayotumia kuwaambia wateja kwamba lori liko Mbarara.

— Shida yenu ni lugha, ikasema sauti nyuma yao.

Data alikuwa ametoa kichwa kibandani, bisibisi sikioni.

— Lugha imefanya nini? Afande akamgeukia. Toa ripoti!

— Afande, hii Kiswahili yetu, na Lukonzo, na Kiingereza, yote inakuruhusu kudanganya. Kuna lugha inaitwa Lojban. Mimi naisoma kwenye simu mwezi wa tatu sasa. Watu walikaa chini wakaitunga, waliichonga kama fundi anavyochonga kabati, ili mtu akisema kitu kisiwe na kona kona.

— Inaongewa wapi?

— Hakuna kijiji. Watu wake wako wachache, wametawanyika, wanaandikiana.

— Hawana jirani, akasema Kulusum. Ndiyo maana hawana haja ya kudanganya.

— Ngojeni. Wao wana vineno vidogo vya wakati. Pu ni kabla ya sasa. Ca, inaandikwa hivyo lakini inasomwa sha, ni sasa. Ba ni baadaye. Unaweka kabla ya kitendo, basi. Na unaweza kuongeza umbali: zi ni muda mfupi, za ni wa kati, zu ni mrefu. Kwa hiyo Haji akisema ameondoka, unamuuliza tu, ni pu zi au ni pu zu? Hana pa kutorokea.

— Hapo sasa! akasema Afande. Hiyo ni lugha ya jeshi. Hakuna hadithi.

— Na hiyo bado ni mlangoni, Afande. Kuna vineno vingine vya kusema kitendo kimefikia wapi ndani yake. Pu'o, hiyo alama katikati isome kama h, puho: kitendo kiko karibu kuanza lakini hakijaanza. Co'a, shoha: ndiyo kinaanza. Ca'o, shaho: kinaendelea. De'a: kimesimama, kitaendelea. Co'u: kimekatika kabla ya kufika. Mo'u: kimekamilika kabisa. Ba'o: kimeshapita, mnaishi kwenye alama yake. Na kuna kimoja kinaitwa za'o: kilitakiwa kiwe kimekwisha, lakini bado tu kinaendelea.

Kaswera, aliyekuwa anakunja vitenge vyake kimya, akainua kichwa.

— Ile ya mwisho weye useme tena.

— Za'o.

— Bwana yangu, akasema Kaswera. Anasema anatafuta kazi. Za'o.

Wakacheka mpaka Kulusum akaweka birika chini. Ikawa kama mtu amewagawia peremende. Kila mmoja akataka kineno chake. Trela lile lililoziba njia likapewa de'a. Barabara ya Bugoye iliyoanzwa kuchongwa wakati wa kampeni ikapewa co'u. Pensheni ya Afande yeye mwenyewe akaiombea pu'o, karibu kuanza, na akasema iko pu'o tangu avue gwanda. Kulusum akauliza kama kuna kineno cha mtu ambaye anaweza kufanya jambo ila hajawahi kulifanya.

— Kipo, akasema Data. Nu'o. Uwezo upo, tendo hakuna.

Wote wakamgeukia Sulaiti.

— Mnanitazamia nini? akasema Sulaiti.

— Wewe ulisema uko njiani, akasema Kulusum. Miguu unayo. Nu'o.

— Nyamazeni. Data, niambie kuhusu Haji.

Hilo ndilo lililokuwa linamkereketa. Vineno ni vitamu, lakini yeye alikuwa na binti ndani ya nyumba na pilau inayopoa. Data akatoka kibandani kabisa, akachora kwa chaki ubavuni mwa trela la watu.

— Sikia, Mzee. Kwa Lojban, kuja na kwenda ni neno moja: klama. Na hilo neno lina nafasi zake kama tikiti: nani anakwenda, anakwenda wapi, ametoka wapi, amepita njia gani, kwa chombo gani. Zote unaweza kujaza.

— Safi. Na usipojaza?

Data akajikuna.

— Usipojaza pia inaruhusiwa.

— Na vineno vya wakati?

— Hivyo pia... si lazima. Ukisema mi klama tu, inaweza kuwa nilikuja, naja, nitakuja, au huwa nakuja. Wewe msikilizaji unajua mwenyewe.

Afande akajipiga paja.

— Kumbe hiyo ni sisi! Mimi klama! Hiyo ndiyo Haji anatuambia tangu asubuhi!

— Basi wamechonga kabati lote, akasema Kulusum, halafu mlango wameuacha wazi.

Data akaona heshima yake inayeyuka. Akasema kwa haraka kwamba ndiyo maana inabidi umbane msemaji, umuulize swali lenye kineno ndani yake, ndipo atajibu kwa kineno. Mpigie Haji sasa hivi, umbane. Sulaiti akasita, maana baba wa binti hapigi simu kuuliza wageni, lakini Afande akamwamuru, "Piga!", na Sulaiti amri huwa inamwingia kabla ya akili. Akaweka spika ili wote wasikie.

— Asalaam aleikum, Haji.

— Waaleikum salaam, Mzee Sulaiti. Sisi bado tupo.

— Alhamdulillahi. Sasa Haji, nisamehe, nataka nielewe. Hiyo kufika yenu, ni ya aina gani? Iko karibu kuanza, imeanza, inaendelea, imesimama kidogo, au imekamilika?

Haji akasema polepole, kama mtu anayeongea na mgonjwa:

— Mzee, sisi tumekaa.

— Mmekaa?

— Tumekaa kwenye mikeka. Wanawake wameweka vikapu chini. Na wewe uko wapi?

— Mimi niko njiani, Haji! Nakuja!

Ilimtoka yenyewe. Alikata simu, akajifuta jasho, akawatazama wenzake kutafuta mtu wa kumtuliza. Hakukosa.

— Mikeka, akasema Afande, macho ameyakaza mbele. Mimi najua hiyo mambo. Gari yao imeharibika ndani ya mbuga. Ukiharibikiwa na ndovu wako mbele, unafanya nini? Unatandika mkeka, unakaa, unangoja apite. Hiyo ni de'a. Safari imesimama, itaendelea.

— Haji hawezi kutandika mkeka mbele ya ndovu, akasema Kulusum.

— Wewe hujui ndovu! Ndovu anaheshimu mtu aliyekaa.

Kaswera akatikisa kichwa kwa huruma.

— Hapana, Afande. Iko affaire, ni mambo ya saa. Kule kwetu Kasindi, sasa hivi saa haiko moja na yenu. Mukivuka mpaka munarudi nyuma saa nzima. Ule muzee anachuuza samaki na bantu ba Congo depi zamani. Saa yake ya mukono iko ya Congo. Kwa Haji bado mapema! Yeye hana kosa, ni nyie munakimbia.

Hapo Sulaiti akapata pumzi kidogo. Saa nzima si haba. Lakini hata ukitoa saa nzima, Haji alikuwa amechelewa, na Sulaiti akasema hivyo.

— Na Ikweta mmeisahau? akasema Data.

— Ikweta imefanya nini tena?

— Kasenyi iko kusini ya Ikweta. Sisi tuko kaskazini. Lazima waivuke pale Kikorongo. Mmewaona wale vijana wanaowaonyesha wazungu maji kwenye karai? Upande huu yanazunguka hivi, upande ule yanazunguka vile. Sasa kama maji yanageuka, wakati je? Kwa Lojban unaruhusiwa kufunga safari ndani ya wakati: pu ba, unarudi kwanza nyuma, halafu kutoka pale unatazama mbele. Yaani Haji alipokuwa upande wa kusini alifika, lakini alifika kwenye wakati wa kule. Alipovuka mstari, kufika kwake kukageuka kukawa kuondoka.

Hakuna aliyeelewa, kwa hiyo wote wakaitikia kwa kichwa. Afande akasema hata vitani alishawahi kuona kikosi kimefika kabla ya kutoka. Kulusum peke yake akasema maji ya karai yanageuzwa na mkono wa kijana, amewahi kuona, na kwamba yeye nadharia yake ni fupi: Haji anangoja pilau ipoe ili akija aseme chakula kibovu na mahari ipungue.

— Mnaona! akasema Sulaiti, na ghafla akapandwa na hasira tamu, ile inayomfanya mtu asahau woga. Huyo mzee ananichezea! Mimi nimekaa hapa tangu asubuhi, nimevaa, nimeoga, nimeacha kazi, namngojea, yeye anakaa kwenye mikeka huko huko kwao na kuniambia amefika! Uongo gani huu? Mtu mzima, Haji, ametoka Maka, anasema tumefika na hajafika! Mtoto wangu namtoa kwa watu wa namna hii?

— Pole, Mzee, akasema Kaswera. Wamekuzarau.

— Kweli wamenidharau!

Simu ikalia mkononi mwake. Haji. Sulaiti akaweka spika tena, kifua mbele.

— Mzee Sulaiti, akasema Haji. Haikuwa sauti ya hasira, ilikuwa sauti ya mtu aliyechoka. Sisi tunarudi nyumbani.

Na simu ikakatika.

Walitazamana. Kisha Afande akanyanyua mikono juu kama ameshinda vita.

— Wanarudi! Huwezi kurudi kama hukutoka! Maana yake walikuwa wametoka kweli!

— Ndiyo! akasema Data. Lazima kuna klama ya kwanza. Wamesahau kitu, labda zawadi, wanarudi kuchukua. Hiyo safari ni co'u, imekatika, na sasa itaanza co'a mpya.

— Bale bamama balisahau kikapu, akasema Kaswera. Ni kawaida.

Sulaiti akataka sana kuamini. Alitaka mpaka ikamuuma. Akajiambia kwamba ndiyo, ni kikapu, bila shaka ni kikapu, kwa Haji kikapu ni kitu kikubwa, wangefika saa kumi, pilau ingepashwa moto, Munirah angetoka na leso usoni na watu wangepiga vigelegele.

Ndipo pembeni mwa trela akatokea mwanamume mmoja mwembamba, mkononi ana dumu tupu, shati limelowa mgongoni. Hakuna aliyemjua. Akasalimia benchi zima kwa heshima, akamwomba Kulusum maji ya kutia kwenye rejeta, na kama kuna kahawa, kikombe kimoja, maana ana safari.

— Safari ya wapi, ndugu? akauliza Kulusum akimmiminia.

— Kasenyi. Mimi ni Blasio, dereva. Nimeleta wazee.

Kikombe cha Afande kikasimama katikati ya njia ya kwenda mdomoni.

— Umewaleta lini? Kulusum akauliza.

— Asubuhi. Tulifika hawa wa mashine hawajafungua hata mlango. Tukaambiwa tungoje kivulini hapo nyuma. Akaonyesha kwa kidevu upande wa pili wa trela. Tuko hapo. Watoto wamelia mpaka wamelala. Bwana harusi amesimama tangu asubuhi, amekataa kukaa, anasema kanzu itakunjika. Akanywa kahawa, tangawizi ikamfumba macho, akashukuru. Sasa nyinyi wenyeji nisaidieni. Wazee wamenituma niulize kabla hatujaondoka. Kwa huyu Mzee Sulaiti kuna msiba? Au binti amekataa na wanaona aibu kutuambia? Maana mwenyewe kila tukimpigia anasema yuko njiani, na sisi tunamwogopea, tunasema labda ameanguka mahali. Niwaambie nini?

Swali lilikuwa jepesi. Blasio akakishika kikombe, akamtazama mmoja baada ya mwingine, akingoja, kwa adabu kabisa. Data, mwenye vineno vya kila namna, alitazama chaki yake. Afande alianza kukohoa. Kaswera alikunja kitenge ambacho kilikuwa kimeshakunjwa. Kulusum peke yake alimtazama Sulaiti, na hakutazama pengine.

Sulaiti alisimama. Gazeti likasimama naye, limemganda nyuma. Hakuaga, hakusema anakuja. Akalizunguka trela la watu huku amekusanya kanzu kwa mikono miwili, na watu wa Bwera wanaomjua walishangaa, maana hakuna aliyewahi kumwona Kontena akikimbia.

Kivulini mikeka ilikuwa inakunjwa. Wanawake waliovaa gomesi walikuwa wanapandisha vikapu kwenye gari, mmoja analia waziwazi. Latif alikuwa amesimama kando ya ukuta wa mashine, mikono imeshuka, na alipomwona Sulaiti akaikung'uta kanzu yake. Haji Ashiraf alikuwa ameshakaa kiti cha mbele, mlango umefungwa, kioo kiko chini.

— Mzee Sulaiti, akasema. Hukuanguka?

— Hapana, Haji.

— Hakuna msiba?

— Hakuna.

— Ulikuwa wapi?

Sulaiti alikuwa anahema. Maneno yote ya kazi yake yalikuja yakapanga foleni mdomoni: gari, foleni, polisi, mgonjwa, betri. Aliyatazama, na kwa mara ya kwanza katika maisha yake ya udalali aliona hakuna hata moja analoweza kulisema mbele ya huyo kijana.

— Nilikuwa hapo kona, nakunywa kahawa. Tangu asubuhi. Sikuamini kwamba mmefika, Haji. Mimi nikisema nimefika huwa sijatoka nyumbani, nikadhani watu wote ni mimi. Nimekukosea. Mtoto hana kosa. Yeye yuko tayari tangu alfajiri, na kwangu ni yeye tu aliyekuwa tayari.

Haji alimtazama huyo mzee mwenye jasho, kisha akatazama gazeti lililomganda nyuma, maana Sulaiti alikuwa amegeuka kumtazama Latif na habari za michezo zilikuwa zinasomeka. Kidevu cha Haji kikaanza kutetemeka kidogo, kama mtu anayezuia kicheko. Akafungua mlango, akashusha mguu mmoja chini.

— Nyumba yenyewe iko mbali?

Hapo kila mtu wa Bwera angejibu jibu moja, na Sulaiti alikuwa ameshainua mkono kuonyesha kwamba ni hapa tu, hapo mbele. Akaushusha.

— Ni mbali, Haji. Kuna kilima kikali, na jua hili litatuchoma.

Haji akashusha mguu wa pili, akarekebisha kofia, akawageukia wanawake wa ukoo wake.

— Vueni viatu vya visigino, akasema. Tunatembea.